Sauti ya Ijumaa Yahamia Alhamisi

Kwa miaka thelathini na mmoja, mtu yeyote akiangushwa kwenye uwanja wa shule ya sekondari ya Kessler, jimboni Nebraska, Verlyn Haskamp ndiye aliyewaambia watazamaji nani kaangushwa, kaangushwa na nani, na zimebaki yadi ngapi. Kila Ijumaa jioni ya msimu wa futiboli, ile futiboli yao ya kukumbatia mpira kwapani na kuvaa kofia ngumu, alipanda ngazi kumi na nane hadi kwenye kibanda kilichokuwa juu ya jukwaa la magharibi, akawasha kipaza sauti, akasema kwa sauti nzito isiyo na haraka. Siku nyingine za wiki alikuwa mpima nafaka kwenye ghala la ushirika. Ghalani alistaafu. Kibandani hakustaafu.

Vuli iliyopita timu ilikuwa na vijana kumi na tisa. Watano waliumia Septemba, mmoja akahama, na mechi ya mwisho kocha alimaliza akiwa na wachezaji wawili tu benchi. Shule iliomba kushuka hadi futiboli ya watu wanane badala ya kumi na mmoja, ile inayochezwa na shule za mashambani kabisa, na ikakubaliwa kwa sharti kwamba haitaruhusiwa kucheza mtoano. Si kwamba Kessler ilipungukiwa watoto. Kiwanda cha nyama ng'ambo ya reli kilikuwa kimeleta familia kutoka Guatemala, El Salvador na Burma, na shule ilifurika hadi madarasa mengine yakawekwa kwenye makontena. Ila vijana walipopewa karatasi waandike mchezo wanaoutaka, sitini na wanne waliandika soka.

Februari, mkuu wa michezo wa shule, Tessa Brandvold, aliingia kwenye mkahawa wa karibu na reli ambako Verlyn na wenzake hunywa kahawa kila asubuhi. Brandvold alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye tabia ya kusema mambo mazito akiwa bado hajavua koti.

"Bwana Haskamp, nakuhitaji siku za Alhamisi kuanzia mwezi ujao."

"Alhamisi kuna nini?"

"Soka."

Duane Pokorny aliweka kikombe mezani. Duane alikuwa mkulima wa mahindi, na kwa miaka ishirini ndiye aliyekaa kibandani kando ya Verlyn na darubini, akimnong'oneza namba za wachezaji. "Tessa, binti yangu," alisema, "huyu mzee ana presha. Usimletee habari za namna hiyo kabla hajala mayai."

"Atakuja nani kutazama?" Verlyn aliuliza.

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wa hapa," Brandvold alisema.

"Mimi nikitaka kukaa saa nzima na nusu nisione kitu chochote kikitokea," Duane alisema, "nitakwenda kanisani. Kule angalau kuna joto."

Meza ilicheka. Mtu mmoja akakumbusha kwamba Kombe la Dunia lilikuwa linakuja Kansas City mwaka uliofuata, mwendo wa saa chache tu kwa gari.

"Sarakasi nayo huja Kansas City," Duane alijibu, "na bado sijaanza kufuga tembo. Tisini na nne, Kombe hilo lilipokuja nchini, walituambia maneno haya haya. Ngojeni, miaka kumi tu, nchi nzima itakuwa ya soka. Haya, nangoja."

Verlyn alikubali siku hiyo hiyo, na hakukubali kwa sababu ya kuupenda mchezo. Alijua mechi za watu wanane zingekuwa chache, na alijua jinsi anavyokuwa nyumbani akikaa muda mrefu bila kipaza sauti. Mkewe, Arlys, alilijua hilo zaidi yake, na ndiye aliyempigia Brandvold simu kumhakikishia kwamba mzee hajabadili nia.

Mechi ya kwanza ilichezwa wiki ya mwisho ya Machi, upepo ukikata masikio. Verlyn alikuwa amesoma sheria kwa wiki mbili na kuzipigia mistari. Mpira ulipoanza, alifanya kile alichokijua: alitangaza. Alisema nani katoa pasi, nani kapokea, nani kapokonywa. Lakini mchezo haukumpa pa kuvutia pumzi. Kwenye futiboli yake kila kitu hudumu sekunde sita, kisha watu wote husimama, na hapo ndipo mtangazaji huishi. Huku alipokuwa akimtaja wa pili, mpira ulikuwa kwa wa tano. Dakika ya kumi na nne mwamuzi alipuliza kipenga, akatembea taratibu hadi chini ya kibanda, akainua uso.

"Mzee wangu, hapa si redioni," alisema. "Wachezaji hawasikilizani. Taja wafungaji, wanaoingia na kadi. Basi."

Jukwaani palikuwa na watu kama mia moja na hamsini. Wote waliangalia juu.

Verlyn alinyamaza, lakini kunyamaza kulimkaa vibaya. Alikuwa na karatasi za matangazo, kama kawaida, na katikati ya kipindi cha pili, mpira ukiwa umetoka nje, alianza kusoma lile la kikosi cha zimamoto: Jumapili hii, kuanzia saa moja asubuhi, chapati za maji na soseji, wote mnakaribishwa. Hakuwa amefika kwenye soseji jukwaa lilipolipuka kwa kelele. Aliinua macho akakuta vijana wa Kessler wamelundikana kwenye kona ya uwanja na kipa wa wageni akiutoa mpira wavuni. Lilikuwa goli pekee la siku hiyo, na yeye hakuliona. Ilibidi amuulize mtunza saa ya mchezo ni nani kafunga, kisha akatangaza: "Goli la Kessler, namba tisa, Wilmer Zailoj."

Mechi ilipokwisha alikuwa akikunja nyaya aliposikia hatua kwenye ngazi. Aliingia mwanamke mfupi mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, amevaa buti za mpira za kiwandani na koti zito juu ya nguo za kazi. Verlyn alidhani kaja kulalamikia zile chapati.

"Wewe ndiye bwana wa kipaza sauti?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mimi naitwa Odilia Xiloj. Namba tisa ni mwanangu."

"Hongera. Goli zuri sana."

"Umeliona?"

Verlyn alifikiria kusema uongo, akauacha. "Sikuliona."

"Najua. Ulikuwa unapika." Alisema bila kucheka. "Hilo sijalijia. Nimekuja kwa jina. Nimemlea mtoto miaka kumi na saba na sijawahi kuzaa mtu anaitwa Zailoj. Ni Shilokh. Hiyo ya mwisho inatoka kooni."

"Shiloki."

"Hapana. Kama unataka kukohoa halafu ukaona aibu."

Alijaribu mara nne. Mara ya tano Odilia akasema itafaa kwa leo. Kisha akaiokota orodha ya wachezaji mezani, akaipitia kwa kidole, akaanza kutikisa kichwa, na Verlyn akaelewa kwamba majina kumi na mawili kati ya ishirini na mawili aliyoyasoma jioni ile yalikuwa ya watu ambao hawapo duniani. Alimvutia kiti, kile cha Duane.

Tangu hapo Odilia alikuja kila Alhamisi akitoka zamu ya asubuhi, aliyokuwa akiimaliza saa tisa na nusu. Alileta kahawa kwenye chupa, tamu kupita kiasi. Hakuwa mwalimu mpole. Verlyn akiugusa mpini wa kipaza sauti bila sababu, alimpiga kofi mkononi.

"Sasa nini?"

"Nilitaka kusema tu kwamba tuna kona."

"Wana macho, Bwana Verlyn. Wanaiona kona."

"Sasa mimi kazi yangu ni nini?"

"Kungoja. Wewe si umekaa ghalani miaka yote hiyo ukingoja malori? Ngoja."

Verlyn aligundua kwamba asipozungumza huona. Alianza kumtambua kiungo wa kati wa Kessler, kijana wa Kikaren kutoka Burma aliyeitwa Say Htoo, ambaye hakuwahi kukimbia kwa kasi na hakuwahi kuchelewa. Aligundua kuwa watu walioonekana kuzurura mbali na mpira hawakuwa wakizurura. Hakumwambia mtu wa mkahawani habari hizi. Nyumbani alimwambia Arlys, naye siku moja akarudi kutoka kwenye jumba dogo la kumbukumbu za mji, anakojitolea, na nakala ya gazeti la Kessler la mwaka 1922. Mhariri wa wakati huo alikuwa ameandika kwamba futiboli ni mchezo wa watoto wa vyuoni wasiojua kukamua ng'ombe, unavunja mifupa inayohitajika wakati wa mavuno, na wakulima wa Kessler hawatauvumilia zaidi ya misimu miwili.

"Hiyo haithibitishi kitu," Verlyn alisema.

"Sijasema inathibitisha," Arlys alijibu, akaibandika kwenye friji.

Timu ilishinda mechi tisa kati ya kumi na moja. Watu mia moja na hamsini wakawa mia tatu, halafu mia tano. Wengi walikuwa wa kiwandani na familia zao, lakini mwishoni mwa Aprili magari ya wakulima yalianza kujipanga nje ya uzio wa kaskazini, matajiri na masikini wa mahindi wakitazama kupitia vioo, magunia ya mbegu zao za kupanda yakiwa bado nyuma ya gari. Goli likiingia walipiga honi. Jioni moja Verlyn alisikia kati ya hizo honi moja yenye kikohozi ambayo mji mzima uliijua.

Asubuhi yake mkahawani alimuuliza Duane kama alipita uwanjani.

"Nilisimama kusikiliza besiboli redioni. Pale mawimbi yanashika vizuri."

"Na honi?"

"Kulikuwa na ndege kwenye boneti."

"Ndege alikuja mara tatu, Duane. Tulifunga matatu."

"Ndege wa msimu huu hawana adabu," Duane alisema, na wenzake wakamcheka mpaka mwenye mkahawa akaja kuuliza kuna nini.

Fainali ya wilaya iliangukia Kessler, dhidi ya Bellmont, shule ya mji mkubwa wenye viwanja vitatu vya nyasi bandia. Mlangoni walihesabu watu elfu moja mia moja na arobaini. Jukwaa la magharibi halikuwahi kujaa hivyo tangu timu ya futiboli ilipocheza nusu fainali ya jimbo miaka kumi na sita nyuma. Kiwanda kilikataa kubadilisha zamu, kwa hiyo baadhi ya wazazi walikuja kipindi cha pili wakikimbia kutoka kwenye maegesho na kofia za nyavu vichwani. Duane alikuja kwa miguu, akalipa kiingilio, akakaa safu ya nne. Verlyn alimwona kwa darubini ya Duane mwenyewe, ile aliyoiacha kibandani.

Bellmont walifunga mapema. Say Htoo alisawazisha dakika ya sitini kwa shuti la chini lililopita katikati ya miguu mingi. Muda wa nyongeza haukutoa mshindi, na mwamuzi akaonyesha kwa kidole upande wa kusini: mikwaju ya penalti.

Hapo Verlyn alihisi kitu anachokifahamu. Mchezo ulikuwa umesimama. Mtu mmoja anatembea, watu elfu wanangoja, na katikati pana nafasi pana ya sauti ya mtangazaji, nafasi aliyoikosa tangu Machi. Odilia alikuwa kando yake, mikono yote miwili imeshika chupa ya kahawa. Mwanaye angepiga wa tano.

Verlyn alitaja majina tu. Alitaja na kuuachia uwanja. Kila mpigaji alitoka katikati ya kiwanja kwenye ukimya mzito kiasi kwamba ungeweza kusikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Bellmont walikosa mmoja. Kessler walikosa mmoja. Bellmont wakafunga wa tano wao, na zamu ikawa ya Wilmer, aliyetakiwa kufunga ili mambo yaendelee.

"Kwa Kessler," Verlyn alisema, "namba tisa. Wilmer Xiloj." Lilitoka vizuri, kooni na yote. Kisha akakizima kabisa kipaza sauti, asije hata akasikika akipumua.

Wilmer alipiga mwamba. Mpira ulirudi uwanjani, ukadunda mara mbili mbele ya kipa aliyekuwa ameshaanguka upande mwingine, na wa Bellmont wakaanza kukimbia.

Odilia alisimama. "Nakwenda chini," alisema, akashuka ngazi bila chupa yake.

Mkahawani wiki tatu zilizofuata hazikuwa na mazungumzo mengine. Duane alishikilia kwamba kipa wa Bellmont alitoka kwenye mstari kabla ya mpira kupigwa, mkwaju wa tatu, na mwamuzi alifumba macho makusudi. Mwingine akasema sheria inaruhusu mguu mmoja ubaki mstarini. Duane akamwambia asimfundishe sheria, yeye alikuwa safu ya nne. Wakaletewa kitabu cha sheria cha Verlyn chenye mistari, wakakigombania kwenye sahani za mayai. Siku moja walipanga vyombo vya chumvi na pilipili kuonyesha ilivyokuwa, na mwenye mkahawa akawaomba warudishe chumvi, wateja wanaitafuta.

"Na bado nasema si mchezo wa maana," Duane alimaliza. "Mechi nzima inaamuliwa kama bahati nasibu ya kanisa."

Juni alikuja mwandishi wa gazeti moja la Omaha, msichana mwenye haraka, akitaka kujua kama soka imeuchukua mji wa futiboli. Alimkuta Verlyn barazani kwake. Verlyn alimweleza kama alivyozoea kueleza uzito wa lori: fainali ilikuwa na watu elfu moja mia moja na arobaini. Kati yao wale aliowajua kwa majina tangu zamani walikuwa labda mia mbili. Mwaka wa kabla ya huo, kwa alivyoambiwa, walikuwa sita, na wanne kati ya hao walikuwa pale kukata tiketi mlangoni.

"Kwa hiyo ni ndiyo?" msichana aliuliza.

"Ni mia mbili."

"Lakini mwaka kesho Kombe la Dunia likija, unafikiri Wamarekani wa kawaida, watu kama ninyi…"

"Binti, hao mia tisa wengine wanaishi hapa pia. Sijui unawahesabu wapi."

Aliandika kitu. Jumapili gazeti likatoka na kichwa cha habari kwamba mji wa futiboli umesalimu amri. Duane alilibeba hadi mkahawani limekunjwa kama rungu. "Nani kasalimu? Nimesalimu mimi? Mwoneni aliyesalimu!" Lakini aliukata ule ukurasa, kwa sababu picha ya jukwaa ilimwonyesha kwenye safu ya nne, mdomo wazi.

Wilmer alimaliza shule Mei ile ile na Julai akaanza kazi kwenye duka la vipuri vya matrekta, nje kidogo ya mji. Verlyn alikwenda huko Agosti kununua mkanda wa mashine ya kukatia majani, wakabaki wawili kwenye kaunta. Walizungumza kwanza habari za mkanda. Kisha Verlyn, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa na jambo la kusema, akalisema.

"Ule mkwaju. Mtu yeyote angeweza kuukosa."

"Najua, bwana." Kijana alikuwa akiandika risiti. "Unajua lakini, nikikwambia utacheka. Kulikuwa kimya mno."

"Kimya?"

"Wewe ulinitaja, halafu pakawa kimya kabisa. Mechi zote nimecheza kwa kelele. Kwetu nyumbani kelele, kiwanjani kelele, mama yangu ndiyo usiseme. Nikasikia viatu vyangu mwenyewe kwenye nyasi. Nikaanza kufikiria viatu." Alicheka. "Afadhali ungesoma zile chapati."

Verlyn alicheka pia, kwa sababu kijana alitaka acheke. Alilipia mkanda, akaendesha hadi nyumbani kwa mwendo wa polepole kuliko kawaida, akamweleza Arlys.

"Mtu aliyekosa hutafuta sababu," Arlys alisema.

"Hakuwa anatafuta. Alikuwa anasimulia."

"Basi usijitafutie wewe."

Alikaa kwenye kiti cha jikoni na ule mkanda mapajani. Alikuwa amejivunia ukimya ule kuliko mengi aliyowahi kuyasema kibandani kwa miaka thelathini na mmoja.

Vuli futiboli ya watu wanane ilichezwa, mechi saba, watazamaji mia mbili hadi mia tatu, na Verlyn alizitangaza zote. Odilia alihamishiwa zamu ya jioni mwezi Januari, jambo lililomaanisha kwamba Alhamisi asingeweza kufika tena, na hakuwa na mtoto mwingine kikosini. Alimpigia Verlyn simu kumwambia, akampa namba ya shemeji yake, ambaye mtoto wake ndiyo kwanza kajiunga na timu, amsaidie majina. Shemeji huyo alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache. Alikuja mara moja akaona kibanda ni kidogo, akasema atatazamia chini.

Alhamisi ya mwisho ya Machi, Verlyn alipanda ngazi kumi na nane peke yake. Baridi ilikuwa kali kidogo kuliko ya mwaka uliopita. Jukwaani aliwahesabu watu mia nne na ushee, na nje ya uzio magari kumi na moja, moja likiwa la Duane, injini ikinguruma kwa ajili ya joto. Alisoma vikosi viwili, jina kwa jina. Mwamuzi alikuwa mwingine, kijana, hakuwahi kumwona.

Dakika ya ishirini Kessler walipata mpira wa adhabu nje kidogo ya eneo la hatari, na mpigaji, mtoto wa kidato cha pili ambaye hakuwahi kucheza mechi ya wakubwa, alisimama juu ya mpira akingoja ukuta urudishwe nyuma. Uwanja ulitulia. Verlyn aliangalia kipaza sauti, akaangalia mtoto, akabonyeza.

"Jumapili hii," alisema, "kikosi cha zimamoto."

Mwamuzi aligeuka akaangalia juu. Jukwaani watu walianza kucheka na kupiga miguu kwenye mbao, na mtoto akarudi nyuma hatua tatu, akakimbia.

Alipaisha. Mpira ulikwenda juu ya uzio wa kaskazini, ukatua kwenye magari, na mtu mmoja akashuka kuutafuta.